Soma Maji Kwanza: Ushauri kwa Anayetaka Kuwaona Ndege Wahamaji Kisiwani Mombasa

Agosti, kusi ikiwa bado inavuma na mawimbi yakigonga mwamba chini ya barabara ya Mama Ngina, wageni wa kwanza huwa wameshawasili Mombasa. Watu wanaopunga upepo pale juu, kachiri za muhogo mkononi, huwatazama bila kuwatambua. Kwenye mwamba yuko sululu, ndege mkubwa wa kahawia mwenye mdomo mrefu uliopinda kwenda chini, akiwachokoa kaa nyufani. Pembeni yake, ukingoni kabisa mwa maji, kuna kidege cha rangi ya udongo kinachotikisa mkia bila kukoma. Wiki chache tu zilizopita ndege hao walikuwa kwenye mazalio yao, kaskazini ya mbali ya Ulaya na Asia. Wengi wao hawataondoka pwani hii mpaka Machi au Aprili.

Msimu wa kuja kwao huanza mwishoni mwa Julai na kuendelea hadi Desemba: tangu demani, kupitia tanga mbili na mvua za vuli, mpaka kaskazi ishike. Kwa mkaazi wa kisiwa hiki ni bahati kubwa, kwa sababu hahitaji gari la kitalii wala tiketi ya mbuga. Hori ya Tudor iko upande mmoja, Kilindini na Port Reitz upande wa pili, na Makupa baina yao. Kote huko maji yakikupwa hubaki tope lililojaa kaa, minyoo na konokono, chakula ambacho ndege hawa wamekifuata kwa maelfu ya kilomita. Linalotakiwa ni kufika mahali panapofaa kwa saa inayofaa, na saa hiyo hupangwa na maji.

Ratiba ni ya bahari

Anayeanza kutazama ndege mara nyingi huambiwa atoke alfajiri. Ushauri huo unafaa msituni. Ndege wa tope hula wakati tope liko wazi, iwe usiku au mchana, na hupumzika maji yanapolifunika. Mtu aliyefika Tudor saa kumi na mbili asubuhi maji yakiwa yamejaa mpaka kwenye mikoko anaweza kurudi nyumbani akiamini hori haina ndege, ilhali mamia wamejificha wakingojea bahari irudi nyuma.

Maji ya Mombasa hujaa mara mbili na kukupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50. Kwenye bamvua kubwa, tofauti kati ya maji kujaa na maji kukupwa huzidi mita 3. Wakati wa maji mafu tofauti hiyo hupungua sana na sehemu kubwa ya tope haifunuki kamwe. Bamvua hufuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, kwa hiyo kalenda ya Hijria iliyotundikwa ukutani katika nyumba nyingi za Mji wa Kale tayari ni nusu ya jedwali la maji. Siku za mwanzo wa mwezi, kama tarehe 1 hadi 4, na zile za katikati, 15 hadi 18, maji hukupwa kabisa baina ya saa nne na saa tano na nusu asubuhi, kisha hujaa kufikia saa kumi au kumi na moja jioni. Kuzunguka tarehe 8 hadi 10 na 22 hadi 25 mambo hugeuka: maji hujaa asubuhi ya saa nne au tano, na hukupwa jioni. Anayetaka dakika kamili atafute jedwali la maji la bandari ya Kilindini. Anayetaka kujua pia tope gani hufunuka kwanza amuulize mvuvi wa hapo hapo, kwa maana jedwali halisemi hilo.

Wakati bora kuliko wote ni saa mbili tatu kabla ya maji kujaa. Maji yakiwa chini kabisa, ndege wametawanyika mbali na darubini ndogo haiwafikii. Yakianza kupanda, tope hupungua na ndege husogezwa ufukweni hatua kwa hatua, mpaka husongamana kwenye kipande cha mwisho kilichobaki. Katika siku za bamvua hilo hutokea baina ya saa saba na saa tisa mchana, wakati ambapo jua limeanza kuelekea magharibi na kumwacha mtazamaji wa Mji wa Kale au Mama Ngina akiwa na mwanga mgongoni. Baada ya hapo sululu hupanda kwenye matawi ya mikoko kupumzika, wengine huruka kwenda kwenye fungu la mchanga lisilofikiwa na maji, na darasa la siku hiyo huwa limekwisha.

Pa kusimama

Mama Ngina ndipo pepesi kwa kuanzia. Pana nafasi, pana watu, na mwamba uko chini ya macho. Mtazamaji asimame karibu na mnara wa taa, atazame kwanza mwamba, kisha mlango wa bahari ambako buabua hupita wakipiga mbizi kuvua vidagaa. Mibuyu mikongwe iliyo pale isipuuzwe: ndege wa nchi kavu waliovuka usiku hupumzika humo asubuhi za Oktoba na Novemba.

Mji wa Kale, chini ya Fort Jesus na kuelekea bandari ya zamani, hakuna tope pana, lakini mawe na ngazi za maji huwavuta ndege wa peke yao. Yule mtikisa mkia, Actitis hypoleucos kwa jina la kitaalamu, hupenda hasa mahali kama hapo, na hurudi kwenye kipande kile kile cha ufukwe siku baada ya siku. Mzee anayekaa barazani karibu na maji anaweza kumfuatilia ndege huyo mmoja msimu mzima bila ya kuinuka.

Wingi wa ndege uko kwenye hori. Upande wa Tudor, mikoko na tope vinatazamwa vyema asubuhi za maji kukupwa. Makupa panastahili jicho la pekee. Kwa miongo mingi tuta la barabara lilikuwa limeziba maji yasipite baina ya hori ya Tudor na upande wa Kilindini. Daraja lililochukua nafasi yake lilifunguliwa 2022, na maji yakapata njia tena. Tope likianza kuoshwa na bahari kutoka pande mbili, viumbe walioko ndani yake hubadilika, na ndege wanaowala hubadilika nao. Anayeanza kuhesabu hapo sasa ataweza kuyaona mabadiliko hayo mwaka baada ya mwaka. Port Reitz ndiko kuliko na tope pana zaidi, ila kunahitaji mwenye ngalawa anayeijua mikondo, na asiondoke na mgeni kabla ya kukubaliana naye saa ya kurudi, kwani chombo kikikwama topeni hungoja maji kama ndege.

Tahadhari moja haina mjadala. Kilindini ni bandari ya kimataifa, Mtongwe kuna kambi ya jeshi la majini, na kwenye kivuko cha Likoni kupiga picha kumekatazwa. Darubini iliyoelekezwa kwenye meli au geti huzua maswali, na askari anayeuliza anafanya kazi yake. Mtazamaji abebe kitambulisho, ajulishe walinzi wa eneo kabla ya kutoa darubini, na achague mahali ambapo bandari iko nyuma yake.

Nani huja lini

Wa mwanzo kufika ni wazee. Aina nyingi za ndege wa tope huacha makinda yao kaskazini mara yanapoweza kujitegemea, wakatangulia kusini. Kwa hiyo Agosti kidege chembamba kiitwacho Calidris ferruginea, kinachozaliana kwenye nyika za barafu za Siberia, huonekana kikiwa bado na mabaka mekundu ya matofali kifuani, mabaki ya manyoya ya kuzalia. Septemba na Oktoba hufuata vijana, wenye manyoya safi yenye kingo nyeupe kama magamba ya samaki. Hao hawajawahi kuiona Afrika, na hakuna mzazi aliyewaonyesha njia. Mtazamaji anayezingatia rangi hizo anaweza kujua ni kizazi gani kilichofika, na kama mwaka ule vijana ni wengi au wachache.

Mmoja huivunja kanuni hiyo ya kuacha makinda, naye ndiye anayestahili kutafutwa kuliko wote: ndege mla kaa, Dromas ardeola. Ni mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya rangi ya kijivu na samawati, na mdomo mnene mweusi unaoweza kumvunja kaa. Huzaliana kwenye visiwa na fukwe za Ghuba, Oman na Bahari ya Shamu, wakati wa joto kali. Huchimba shimo mchangani na kutaga humo yai moja jeupe, jambo lisilofanywa na ndege mwingine yeyote wa jamii za tope, na joto la mchanga husaidia kuliatamia. Kinda husafiri pamoja na wazazi na kuendelea kulishwa nao hata baada ya kufika Afrika Mashariki. Anayewaona awaangalie vyema, kwani kijana huinama na kulia akimwomba mkubwa kaa. Njia yao inawafanya majirani wa zamani wa majahazi ya Oman, ila majahazi yalingoja kaskazi iyasukume, na ndege hawa huteremka kusi ikiwa bado inawapiga usoni.

Ndege mla kaa huweza kutokea kwenye hori za Mombasa, lakini mahali pa uhakika ni Mida, Watamu, kama kilomita 100 kaskazini. Huko wanakijiji wamejenga njia ya mbao inayopita juu ya mikoko, na waongozaji wa hapo hapo hujua ni urefu gani wa maji unaowaleta ndege karibu. Shirika la A Rocha Kenya, lenye kituo chake Watamu, limekuwa likiwahesabu na kuwavisha pete ndege wa Mida kwa miaka mingi. Familia inayopanga safari moja tu katika msimu ichague siku ya bamvua, ifike mapema, na ikae mpaka maji yajae.

Novemba upepo hugeuka, na wasafiri hugeuka nao. Keremkerem wa kijani wanaotoka Mashariki ya Kati na Asia ya Kati hukaa kwenye nyaya za umeme. Wenzao wekundu, wanaotoka kaskazini mwa Afrika Mashariki, hulala kwa makundi kwenye mikoko. Kereng'ende wa rangi ya dhahabu hujaa angani mbele ya mvua. Mwaka 2009 mwanabiolojia Charles Anderson, aliyekuwa akiishi Maldivi, alieleza kwamba kereng'ende hao huvuka Bahari ya Hindi kutoka India kwa kubebwa na pepo za juu. Nyuma yao huja kozi mdogo wa Amur, Falco amurensis, anayezaliana Siberia na China ya kaskazini, akapita India ya kaskazini-mashariki, akavuka bahari zaidi ya kilomita 3,000 bila ya kutua, na kuendelea hadi kusini mwa Afrika. Hupita Kenya ya mashariki Novemba na Desemba. Juu ya kisiwa huonekana kwa bahati, na bahati hiyo humpata zaidi anayeinua macho mawingu ya vuli yanapokaribia.

Kunguru wa Bara Hindi, waliofika Mombasa 1947 na sasa wametapakaa kila mtaa, hutoa msaada mmoja. Hawamvumilii kozi, kipanga wala bundi. Wakianza kupiga kelele na kuzunguka mahali pamoja angani au juu ya mti, mtazamaji ageukie huko haraka.

Kuanza na watano

Kitabu cha ndege wa Afrika Mashariki kina mamia ya picha, na kurasa za ndege wa tope humkatisha tamaa mtu yeyote: wote ni kijivu, wote ni kahawia. Njia ya kutoka ni kutazama mwenendo kabla ya rangi. Anayepindua mawe kwa mdomo ni Arenaria interpres, mwenye miguu ya rangi ya chungwa. Anayetikisa mkia tumeshamtaja. Anayekimbia, akasimama ghafla, akadonoa, kisha akakimbia tena ni wa jamii ya chekeamwezi. Akiwa mkubwa na wa kijivu, angojwe aruke, na akionyesha doa jeusi kwapani ni Pluvialis squatarola. Anayedungadunga tope mfululizo kama sindano ya cherehani huenda ni yule wa Siberia. Na mkubwa mwenye mdomo uliopinda ni sululu. Akishawajua watano hao bila ya kufungua kitabu, mtu atawatambua wengine kwa jinsi wanavyotofautiana nao.

Majina ya ndege hutofautiana baina ya Mombasa, Lamu na Pemba, hata baina ya wavuvi wa hori moja. Mtazamaji aandike jina alilopewa na mvuvi pamoja na jina la kitaalamu. Kuhusu vifaa, darubini ya nane kwa arubaini na mbili inatosha, na moja inaweza kutumiwa na watu watatu kwa zamu. Programu ya simu ya Merlin husaidia kulinganisha picha, na isiachiwe uamuzi wa mwisho.

Wanaopita usiku

Ndege wengi wadogo wa nchi kavu husafiri gizani. Ushahidi mkubwa zaidi nchini Kenya unatoka kwenye hoteli ya Ngulia, Tsavo Magharibi. Huko, tangu 1969, watafiti wakiwemo Graeme Backhurst na David Pearson, pamoja na watu wa kujitolea, wamewavisha pete mamia ya maelfu ya ndege kutoka Ulaya na Asia. Kazi hiyo hufanyika Novemba na Desemba, usiku wa ukungu usio na mwezi, ambapo taa za hoteli huwachanganya ndege waliokuwa wakipita juu na kuwateremsha.

Kisiwa chenye taa nyingi kama Mombasa huwavuta vilevile. Mwenye nyumba ya ghorofa anaweza kuzima taa za paa na za nje baada ya saa tano usiku katika miezi hiyo miwili, hasa kukiwa na mawingu mazito. Akiokota ndege aliyejigonga dirishani, amweke kwenye boksi la karatasi lenye matundu, mahali penye giza na kimya. Asimtie maji mdomoni wala kumpa wali. Wengi huzindukana ndani ya saa chache. Aachiliwe penye miti, asubuhi mapema au magharibi, kunguru wakiwa mbali. Akiwa na pete mguuni, pete isivuliwe: namba na maandishi yapigwe picha, na habari ipelekwe Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Nairobi.

Adabu ya ufukweni

Ndege aliyemaliza safari ndefu kutoka kaskazini amechoma sehemu kubwa ya mafuta ya mwili wake, na kila anaporushwa bila ya sababu hupoteza chakula na nguvu. Dalili ya kusimama iko wazi: ndege wakiacha kula na kuinua vichwa pamoja, mtu amekaribia mno. Arudi nyuma hatua kadhaa, wataendelea. Mbwa wafungwe kamba. Watoto wanaorusha mawe hawahitaji kukemewa. Wapewe darubini kwa dakika tano na waulizwe ni ndege wangapi wana mdomo uliopinda.

Mazungumzo na majirani yanaweza kufanya zaidi ya tangazo lolote. Mwaka 2012 ilibainika kwamba kozi wa Amur walikuwa wakinaswa kwa makumi ya maelfu kwenye bwawa la Doyang, jimbo la Nagaland nchini India, wauzwe kwa nyama. Mwaka uliofuata vijiji vya hapo, Pangti kikiwemo, viliamua kuacha, na mauaji yakakoma. Novemba 2013 ndege watatu walifungwa vifaa vya setilaiti na kupewa majina Naga, Wokha na Pangti, na wanakijiji wakafuatilia safari yao ikivuka bahari mpaka Afrika. Kenya nayo ina Sheria ya Wanyamapori ya 2013, lakini kinachowalinda ndege wa Tudor kila siku ni wavuvi, wakata mikoko na watoto wanaocheza hapo, na hao ndio wa kwanza kushirikishwa.

Daftari

Kuona ndege na kutoandika ni hasara. Mtazamaji achague kituo kimoja, mathalani kipande cha tope kinachoonekana kutoka sehemu moja ya Makupa, na ahesabu ndege wake mara moja kila bamvua, hali ya maji ikiwa ile ile. Aandike tarehe, saa, hali ya maji na upepo, kila aina na idadi yake, na yale yaliyowasumbua ndege. Akikosa kitu aandike sifuri, kwa sababu sifuri nayo ni habari. Hesabu hizo ziingizwe kwenye eBird au Kenya Bird Map, zisibaki kabatini. Kila Januari huwa kuna hesabu ya kitaifa ya ndege wa majini, ambayo jumuiya ya Nature Kenya, iliyoanzishwa 1909, hushiriki kuiandaa pamoja na Makumbusho ya Taifa. Aliyefanya mazoezi tangu Agosti ataingia humo akiwa msaidizi wa kweli.

Na daftari lisifungwe kaskazi inapoisha. Machi na Aprili kifua chekundu hurudi, ndege hunenepa, makundi huondoka jioni kuelekea kaskazini, na tarehe ya mwisho ya kila aina inafaa kuandikwa kama ile ya kwanza. Wanaobaki Mei hadi Julai mara nyingi ni vijana wa mwaka uliopita, ambao hawajafikia umri wa kuzaliana na hivyo hawana haja ya safari. Anayehesabu tope la Makupa mwezi wa Juni, wakati kila mtu anadhani ndege wamekwenda zao, atakuwa na idadi ya vijana waliokaa, na Agosti ikifika ataweza kuwatenganisha na wazee wanaoanza kuteremka.